Beji ya Msajili Msaidizi

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeamua: foleni ni ya wasio na akili. Jina la saluni yangu ya kunyolea, Wembe wa Dhahabu, limehifadhiwa na ofisi ya Msajili wa Biashara mpaka Alhamisi saa sita mchana. Nisipopeleka fomu, jina linakuwa huru, na Kichana, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, analimezea mate. Bango nimeshachora! Shangazi kasema nenda dirisha namba tatu, mwanangu, nusu saa tu. Nusu saa! Mimi? Wasajili wote wana mkutano wao wa mwaka hotelini wiki hii. Nitakula na mkubwa wao. Atanigongea muhuri huku anatafuna.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeingia! Beji zimepangwa mlangoni kama karata. Dada wa mapokezi kauliza jina, nikasoma lililokuwa karibu: Msajili Msaidizi, na jina refu la heshima. Kanivisha mwenyewe, na shikamoo juu! Mada ya asubuhi: Daftari Safi. Mzee wa suti kafoka saa nzima kuhusu makampuni yaliyokufa zamani lakini bado yamo daftarini. Futeni! Nimepiga makofi kuliko wote. Msajili Mkuu sikumfikia, kazungukwa kama bwana harusi.

Jumatano, 13 Agosti
Balaa. Mwenyekiti katusimamisha dakika moja kumkumbuka mwenzao aliyefariki mwezi wa tatu. Kalitaja jina. Nikajiuliza nimelisoma wapi. Nikainamisha kichwa kwa huzuni, nikaliona kifuani kwangu.

Wanafuta makampuni ya watu, mwenzao wamesahau kumfuta!

Mama Miwani, jirani yangu wa kiti, akaiona beji. Jasho! Kumbe kalainika: pole mwanangu, umekuja badala ya baba? Nikasema ndiyo, mama. Sauti ikakatika yenyewe, nina kipaji. Mpaka chakula cha mchana nimepewa pole na wasajili wa kanda zote saba. Msajili Mkuu mwenyewe kanishika bega, baba yako alikuwa nguzo, sema shida yako. Nikasema. Kacheka kwa upole: hilo tu? Dirisha namba tatu, kijana wangu, nusu saa. Sijui kafundishwa na shangazi! Ila kaniomba kesho saa nane niseme neno kwa niaba ya familia. Mimi, jukwaani!

Alhamisi, 14 Agosti
Asubuhi shangazi kanisukuma mlangoni na fomu mkononi, eti pitia dirishani kwanza. Nani ahutubie na jasho la foleni? Nikakaa kibarazani kuandika hotuba. Saa sita ikapita. Basi? Baada ya hotuba ile Msajili Mkuu angeniongezea mwezi mzima.

Saa nane nikapanda. Nimemlilia baba mpaka mpiga picha kaweka kamera chini. Nilipofika pale aliponifundisha uaminifu, mama mmoja wa mstari wa mbele kasimama. Mjane! Wamemwalika kupokea ngao, mimi hawakuniambia. Kauliza, kwa utulivu wa kutisha, huyu ni wa nani, maana yeye kazaa mabinti watatu na wote hawa hapa. Ukumbi mzima: uuuu! Sauti ikatoka nyuma, kumbe marehemu alikuwa na tawi ambalo hakulisajili! Wakacheka, mjane peke yake hakucheka, akapanda jukwaani. Ningesema ukweli palepale, ila alikuwa ameshanishika sikio, na mabinti wanavua viatu.

Nimetokea jikoni, mbio mpaka dirisha namba tatu. Kichana anatoka, cheti mkononi. Kakaa pale tangu asubuhi. Saa sita na dakika moja kasukuma fomu yake. Kaniuliza, vipi mkutano, kaka?

Ijumaa, 15 Agosti
Kichana kaja kuliomba bango. Eti limeshachorwa, kulitupa ni dhambi. Kwa adabu zote! Shangazi kacheka mpaka kashika ukuta. Anasema jina jipya, fomu mpya, dirisha lilelile, nusu saa. Maskini, hana upeo.

Nimepita hotelini, kwa mbali, sikio limefungwa kitambaa. Ubao wa mlangoni unasema wiki ijayo ni mkutano wa mahakimu. Kesi ya Kichana kuniibia jina nitaimaliza mwenyewe, wakati wa chai. Koti jeusi la shangazi nimelijaribu. Linanikaa vizuri, mikono tu ndiyo mifupi.