Tovuti Yangu Bado Haijaonekana

Jumatano, 5 Machi
Tovuti imekamilika! Nimeijenga mwenyewe kwa simu, mapumziko matano ya mchana, nimekalia mfuko wa saruji ghorofa ya nne. Jina: Sakafu Nyota na Wenzake. Rangi Mbili, fundi wa rangi ninayeishi naye chumba kimoja, ameuliza hao wenzake ni akina nani. Nimemwambia watakuja. Kampuni ya mtu mmoja inatia huruma.

Nimempigia mama watoto. Mdomo haukuvumilia. Nimemwambia sasa sifanyi tena kazi ya kutumwa, nina kampuni, ipo mtandaoni, dunia nzima inaiona. (Bado natumwa. Leo nyapara amenituma mara sita.) Akasema vizuri sana, Jumamosi ya wiki ijayo kaka yake atakuja pale nyumbani, wataitafuta pamoja. Ikiwepo, nibaki huku na kampuni yangu, hatasema neno tena. Isipokuwepo, nirudi nyumbani, kaka yake ana kazi kwenye mabanda yake ya kuku. Kazi gani? Ya kuzoa. Miaka mitatu inatosha, akasema. Amechoka kuolewa na simu.

Nikasema hakuna tabu, watafute tu. Nikakata. Ndipo nikaitafuta mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Haipo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitafuta mara tisa kabla ya chai. Nikiandika anwani nzima, herufi kwa herufi, inafunguka vizuri. Nikiandika jina tu, zinakuja habari za nyota za angani. Nikiandika "fundi vigae", anakuja Rula.

Rula! Wa kwanza kabisa! Huyu anafanya kazi jengo la pili, tunatazamana madirishani. Jina la Rula alipewa kwa kejeli. Mistari ya vigae vyake ukiifuata kwa macho inakufikisha kwa jirani. Na huko mtandaoni amesimama amekunja mikono, amevaa kofia ya nyapara wake, eti fundi mkuu.

Bafu la ishirini na saba nimepinda safu mbili. Nyapara amenibandulisha zote. Ameuliza kama nimeanza kujifunza kwa Rula.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefikiri. Asubuhi pale getini, nyapara anapochagua vibarua, anachukuliwa nani? Yule anayelitaja jina lake mara nyingi. Mtambo wa kutafuta wa mtandaoni nao lazima uwe hivyo. Basi nimeandika "fundi vigae" kwenye ukurasa wangu mara mia mbili.

Ukawa ukurasa wa kichaa.

Hapo akili ikanijia, na naomba niandike hapa kwamba ni yangu, si ya Rangi Mbili. Nimeyageuza maneno yote kuwa meupe. Meupe juu ya ukurasa mweupe! Ni kama saruji nyeupe katikati ya vigae vyeupe: inashika nyumba nzima na hakuna anayeiona.

Na kwa kuwa hayaonekani, kwa nini niishie kwenye vigae? Rangi Mbili anasema watu hawatafuti vigae, wanatafuta matokeo ya mpira, dawa ya kuotesha nywele, na wachumba. Hasa wachumba. Ameapa kwa mama yake kwamba nusu ya mji huu inaandika "natafuta mchumba" kila jioni. Sikumuuliza amejuaje. Nimeyaweka yote. "Natafuta mchumba" nimeliweka mara arobaini.

Ukurasa sasa ni safi, mweupe, mrefu tu kidogo. Rangi Mbili, mtu ambaye kazi yake ni kupaka kuta, anasema hajawahi kuona nyeupe iliyokaa vile.

Jumamosi, 8 Machi
Haipo. Rula yupo.

Mama watoto ameandika: kaka anauliza anwani ya tovuti ni ipi, wasije wakapotea. Nikamjibu kampuni kubwa haitafutwi kwa anwani, aandike jina tu, itakuja yenyewe.

Kwa nini nimesema hivyo? Kwa nini! Ningempa anwani, shughuli ingekuwa imekwisha, sasa hivi ningekuwa nafua. Lakini nilisikia sauti ya shemeji akiguna nyuma yake hata kwenye maandishi. Shemeji anaguna hivyo tangu siku ya harusi.

Kulibadilisha neno langu siwezi. Ataguna zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaandikia wenye mtambo. Wana kisanduku cha maoni, chini kabisa, herufi ndogo. Nimeanza na shikamoo, maana sijui umri wao. Nimewaeleza hali: mke, watoto watatu, shemeji, mabanda ya kuku. Nimewaomba wanisogeze juu, hata nikiwa wa pili, ila Rula asiwe wa kwanza. Nimemaliza kwa kuwatakia afya njema na kazi njema.

Jibu likaja papo hapo! "Asante kwa maoni yako." Basi. Hata shikamoo hawakuitikia.

Jumatatu, 10 Machi
Mpango mpya, mkubwa. Rangi Mbili amesikia kwamba mtambo unapendelea anayetafutwa na wengi. Mapumziko ya mchana nimewakusanya vibarua wote wa ghorofa ya nne na ya tatu, watu ishirini na wanane. Nimesimama juu ya ndoo nikawahutubia. Nimewaambia ndugu zangu, leo kwangu, kesho kwako. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wote wakaandika "fundi vigae" kwa pamoja. Mpaka nyapara aliandika.

Wote wakampata Rula.

Wote wakambonyeza! Eti niliwaambia wabonyeze wa kwanza. Mbeba kokoto mmoja akasema huyu jamaa anaonekana mtu makini, angalia alivyokunja mikono. Mwendesha winchi akampigia simu palepale, mama yake ana jiko linahitaji sakafu. Nilikuwa bado niko juu ya ndoo.

Saa kumi Rula alitokeza dirishani kwake akanipungia mkono. Akapaza sauti kwamba amesikia nilivyompigania, ahsante sana kaka mkubwa, Mungu anizidishie. Kaka mkubwa! Tumezaliwa mwaka mmoja.

Zimebaki siku tano. Sili vizuri. Rangi Mbili ndiye anayemaliza chakula changu, na ameanza kunenepa.

Jumanne, 11 Machi
Leo nimeamua kughushi. Naandika ukweli, hiki ni kitabu changu.

Nilikwenda kwa dada wa duka la fotokopi, anajua mambo ya kompyuta, nikamwomba anitengenezee picha ya mtambo ikinionyesha mimi juu na Rula chini, nimtumie mama watoto mapema ili Jumamosi wasihangaike kutafuta. Dada akasema hafanyi uchafu huo. Akaniuliza shida hasa ni nini. Nikamwambia. Akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio ya tovuti, akapekua. Halafu akaniuliza taratibu, kama daktari, nani aliweka tiki hapa.

Palikuwa na kisanduku. Kimeandikwa: Zuia mitambo ya kutafuta isiingie katika tovuti hii.

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza. Ukishaweka vigae, unapiga ubao mlangoni, asiingie mtu siku mbili, mpaka saruji ishike. Vigae vibichi havikanyagwi. Mimi tovuti nilikuwa bado naijenga, nikaona kuna ubao, nikaupiga. Fundi gani asiyeziba mlango?

Dada akauliza na huo ubao ulipanga kuutoa lini.

Nilikuwa nimesahau.

Alicheka mpaka akaishikilia mashine ikatoa karatasi sita tupu. Kila mteja aliyeingia alihadithiwa upya. Lakini ni mtu mwema. Ameitoa tiki, amewapelekea wenye mtambo anwani yangu kwa njia inayotakiwa, akasema sasa kazi yangu ni kusubiri. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa wiki tatu. Akasema niandike tu kazi ninayoifanya kweli, niweke picha zangu mwenyewe, nisifanye ujanja, mtambo haupendi ujanja. Akaniuliza mbona ukurasa ni mrefu hivi na chini hauna kitu.

Nikamwambia ni nafasi ya kupumua.

Jumatano, 12 Machi
Haipo.

Nimeweka picha ya bafu la ishirini na nane. Kwenye kona kinaonekana kisigino cha nyapara.

Alhamisi, 13 Machi
Haipo. Mama watoto amepiga. Watoto wametangaza shuleni kwamba baba yao yumo mtandaoni. Shemeji atakuja saa nne na rafiki zake wawili, wafugaji wenzake, nao wanataka kuona. Mama watoto ameazima viti kwa jirani.

Viti!

Nimemuuliza Rangi Mbili kama inawezekana mtandao wa dunia nzima ukaharibika siku moja, Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa nane. Amesema yeye ni mtu wa rangi.

Ijumaa, 14 Machi
Asubuhi haipo. Mchana haipo. Saa kumi haipo. Nimefungasha nguo kwenye begi, ili habari mbaya ikinikuta, inikute tayari. Nimefua viatu. Nimejiona kabisa nimeshika koleo, shemeji amesimama mlangoni mwa banda, anaguna, na kuku nao wananitazama.

Rangi Mbili ameuliza kama ndoo yangu nzuri nitamwachia. Mtu hajafa, urithi unagawanywa.

Jumamosi, 15 Machi
IPO! IPO! IPO!

Saa nne kasorobo! Bafu la thelathini na moja! Nimeandika jina, imekuja ya kwanza, mstari wa buluu, Sakafu Nyota na Wenzake! Nimeruka. Nimetua juu ya vigae vibichi, vinne vimezama. Potelea mbali! Nimekimbia dirishani nikamwonyesha Rula simu, ingawa kutoka kule hawezi kusoma. Nimemwandikia mama watoto: tafuteni sasa.

Saa nne. Kimya. Saa nne na nusu. Kimya. Nikajua wameduwaa.

Saa tano Rangi Mbili alikuja na kopo lake kunipongeza. Akaomba kuona. Akasoma. Akaniuliza na haya maneno madogo meusi chini ya jina nayo niliyapanga.

Maneno gani?

Mtambo umeyatoa. Maneno yangu meupe yote umeyachota, umeyapaka weusi, umeyaanika chini ya jina langu: "Natafuta mchumba natafuta mchumba dawa ya kuotesha nywele natafuta mchumba fundi vigae natafuta mchumba."

Nikakaa ndani ya beseni la kuogea. Nikayafuta kwenye ukurasa, lakini ukitafuta bado yapo, yamegandamana. Na namba yangu ya simu iko pale pale pembeni.

Wamepiga watu watano. Wawili nywele. Mmoja alitaka matokeo ya mpira, akakasirika kwamba siyajui. Mwanamke mmoja aliuliza urefu wangu. Mama mmoja mtu mzima alipiga kwa niaba ya binti yake, akanihoji ukoo, dini, na kama nakunywa. Nikamwambia nina mke na watoto watatu. Akasema basi tangazo langu ni la kihuni, akanilaani kwa upole. Vigae: hakuna hata mmoja.

Kutoka nyumbani hakuna neno. Nimepiga mara tatu, haipokewi. Mara ya nne kapokea shemeji. Hakuguna. Alicheka. Miaka kumi na moja sijawahi kumsikia akicheka. Nyuma yake nikasikia wengine wawili wanacheka. Mama watoto sikumsikia.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda popote. Nimelala nimelitazama begi.

Saa tatu asubuhi simu ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia. Ni tovuti! Kule chini kuna fomu ya wateja, nilikwisha kuisahau. Mtu ameijaza. Nanakili yote kama ilivyo:

"Nimeona tangazo lako. Mimi ni mwombaji. Umri miaka thelathini na minne. Nina watoto watatu. Chumba changu cha mbele sakafu imepasuka, mtoto wa mwisho amejikwaa wiki iliyopita ameng'oka jino. Niliwahi kuwa na mume, ni fundi wa vigae, nasikia anapamba mabafu ya watu. Hao waliokuja jana walicheka, mimi nilitoka nje. Kampuni siitaki, kuku wa kaka nao siwataki. Namtaka fundi. Kama bado unatafuta mchumba, njoo na ndoo yako. Basi linaondoka huko kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza machozi yalinichuruzika, sifichi. Ni mama watoto huyu. Nani mwingine anaweza kunisema hivyo?

Mara ya nne nikashtuka. Nikasimama. Nikamwamsha Rangi Mbili.

Mteja!

Ana sakafu, imepasuka, anataka fundi, amejaza fomu mwenyewe. Mteja ni mteja, hata akiwa mkeo. Siku kumi na moja tu tangu nifungue! Na amesema wazi ameletwa na nini: tangazo. Yaani yale maneno meupe. Dada wa fotokopi hajui kitu. Nimeyarudisha yote, na "mchumba" nimempandisha mpaka mara themanini.

Kisha nikamjibu, kikampuni, kama inavyotakiwa: "Ndugu mteja, asante kwa kuichagua Sakafu Nyota na Wenzake. Ombi lako limepokewa. Tafadhali tuma urefu na upana wa chumba, fundi wetu atafika nafasi itakapopatikana."

Nimelifungua begi, nimetundika nguo.

Sasa ni saa saba mchana, hajajibu. Bila shaka anapima.