Tagi Ziliondoka na Maswali

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha mkuu wa chumba cha upangaji kurasa kiko wazi. Kina magurudumu! Mama Mhariri katugawia kitabu cha Hisabati cha darasa la sita, nusu yangu, nusu ya mwenzangu tunayemwita Kobe. Kimejaa tagi, yale maneno ya kwenye mabano yanayoiambia kompyuta hapa kisanduku kinaanza, hapa kimeisha. Mashine mpya ya kuchapa haizitaki. Tuzitoe, maandishi yabaki. Atakayemaliza vizuri ndiye mkuu. Nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa mkuu. Akauliza kama nimeshaanza kazi.

Jumanne, 4 Machi
Kobe anafuta tagi moja moja, kama anayechambua mchele. Mimi nimeiamuru kompyuta ifute kuanzia kila tagi ya kufungua hadi ya kufunga. Sekunde nne. Kurasa mia na sita zimebaki sabini na moja. Nani alijua tagi zinakula nafasi hivi? Nikamwambia Kobe kwamba haraka haraka haina baraka ni methali ya wavivu. Akasema haya, kaka.

Jumatano, 5 Machi
Maswali yalikuwa ndani ya visanduku. Yamefutwa pamoja na tagi zake. Majibu mwishoni yapo yote, swali hakuna hata moja. Nakala sikuweka, nakala ni za waoga. Ila mwenye majibu hashindwi na maswali. Nimeyatunga mwenyewe. Jibu ni mbuzi saba? “Mjomba ana mbuzi saba. Ana mbuzi wangapi?” Hamsini kabla ya chai. Kumbe nina kipaji.

Alhamisi, 6 Machi
Mwandishi, mwalimu mstaafu, alikuja kukagua. Swali la mjomba alilisoma mara tatu, akavua miwani. Akasema amefundisha hisabati miaka thelathini na hajawahi kutukanwa hivi. Mama Mhariri akaniambia mwanangu, hebu kakae nje kwanza. Kobe alikuwa na nakala ya kitabu kizima tangu Jumatatu. Akaifungua, maswali yote yakarudi. Niliomba ardhi inimeze, ikakataa.

Ijumaa, 7 Machi
Kobe ndiye mkuu. Imeniuma, sifichi. Kanirudishia nusu yangu nianze upya, moja moja, kwa mkono. Nimekaa nikalitafuta kosa langu, nikaliona: amri yangu niliipa faili moja tu, ndiyo maana nakala ya Kobe ikapona na kuniumbua. Safari hii, kwa amri ile ile, nimechagua vitabu vyote vya kampuni, pamoja na nakala zake. Kompyuta inauliza kama nina uhakika. Nimebonyeza ndiyo.