Mashine Iliyoishi Saa Tatu Mbele

Jumatatu, 3 Machi 2025

Balaa! Kompyuta inayoendesha chumba cha baridi cha kiwanda chetu cha samaki hapa Mkuyuni, Mwanza, ilizimika ikawaka tena, na ujumbe wake wa kuwaka unasema ilikuwa saa tisa alasiri. Zamu yangu! Sikuigusa, naapa. Mama Jovitha, meneja wetu, anateua mkuu wa mafundi Ijumaa. Amesema anayezima mashine hovyo asahau. Renatus, fundi wa zamu ya asubuhi, akanipa pole. Mnafiki.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi kazini, nikaiwasha upya makusudi. Kwa simu yangu ni saa tatu asubuhi. Ujumbe wa kuwaka: saa sita mchana! Nikachimba hadi nikapata. Kerneli, ule moyo wa mfumo unaoamka kwanza, inadhani saa ya ndani ya mashine ni ya Uingereza, inaongeza saa tatu za kwetu. Kumbe tayari ni ya kwetu! Basi jana ilizimika saa sita. Zamu ya Renatus! Niliruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye kabati. Hakikuuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahi tena, nikamwamkia Mama Jovitha shikamoo mbili, nikamweleza. Akacheka. Kumbe saa sita umeme ulikatika, na Renatus alilitaarifu kundi la kazini la WhatsApp. (Nimelinyamazisha. Salamu zake za asubuhi hazivumiliki.) Hakuna mkosaji. Mama Jovitha akanisifu! Akasema ukuu naunukia, ila saa nisiiguse.

Niache kazi nusu? Mimi, Shimba? Nikaiambia kerneli saa ni ya Mwanza, kisha nikaipanga saa yenyewe upya, nisibahatishe. Nilitumia saa ya mkononi ya marehemu babu, ambayo hatukuwahi kuipanga kizungu: saa nne asubuhi, mshale kwenye nne. Nikaandika 4:00. Renatus akauliza kama nina uhakika na hiyo nne. Wivu tu! Nikamwambia akanywe chai.

Alhamisi, 6 Machi

Vipasha joto vya kuyeyusha barafu huwaka saa nane usiku, chumba kikiwa kitupu. Leo nimewahi tena kusaidia kupakia minofu ya sangara, vikawaka saa mbili asubuhi. Mashine iliamini ni usiku wa manane. Maji mpaka kwenye viatu vya Mama Jovitha! Akauliza nani ameifundisha mashine saa ya Kiswahili. Renatus hakunitaja. Alinitazama tu, na hiyo iliniuma kuliko kutajwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa mafundi ni Renatus. Roho imeniuma, sitaficha. Amenikataza kugusa mashine mpaka aipange mwenyewe Jumatatu. Nimekubali kwa adabu zote.

Lakini ile saa kubwa ya ukutani pale mapokezi hakuitaja. Nikiisogeza mishale ilingane na mashine, Mama Jovitha ataona mwenyewe kwamba sikukosea. Kesho nawahi na ngazi.