Shati la Mikono Mifupi Juu ya Karisimbi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimedhalilishwa kwa hesabu. Miaka tisa mimi ndiye kapteni wa kundi letu la mazoezi hapa Nyakabanda. Kila Jumamosi napandisha watu Mlima Kigali na kuwashusha wazima. Leo tunapanga safari ya Mlima Karisimbi, mara Benon, mwalimu wa jiografia aliyehamia juzi tu kutoka Mbarara, akasimama na chaki. Chaki! Eti kila ukipanda mita elfu moja, joto linashuka nyuzi sita hivi. Eti kileleni, mita 4,507, alfajiri maji yanaganda. Kila mtu abebe koti zito.

Nikamuuliza kwa heshima: jua liko juu au chini? Akakubali liko juu. Basi anayepanda analikaribia au analikimbia? Watu wakacheka. Mukasine, muuguzi wa hospitali ya Kanombe, hakucheka. Aliandika maneno ya Benon kwenye daftari. Hilo liliniuma. Nikatangaza nitafika kileleni na shati la mikono mifupi, na nikishindwa, ukapteni achukue Benon.

Sijui kwa nini nilisema. Lakini nimesema.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango! Kama baridi ipo (haipo), mwili uizoee mapema. Rafiki yangu Valens ana bucha Gisimenti, yenye chumba cha baridi. Nikamwomba nisimame humo dakika kumi. Akauliza kama nyumbani kuna amani.

Dakika ya kwanza: ushindi. Ya tatu: masikio siyasikii. Ya tano nikasukuma mlango. Kitasa cha ndani kimekufa tangu Pasaka, Valens alisahau kuniambia. Nikapiga kelele. Yeye anakata nyama, redio iko juu.

Mlango ulipofunguka nilikuwa nimejifunika gunia, katikati ya mbuzi wawili wanaoning'inia. Na nyuma ya Valens, nani? Mukasine, kafuata maini. Akanishika mkono kupima mapigo, akauliza nafanya nini humo. Nikasema nakagua nyama. Meno yaligongana mpaka neno "nyama" likatoka vipande sita.

Ijumaa, 15 Agosti

Kambini, mita 3,700. Misa ya Kupalizwa nimeikosa. Bikira atanielewa, siku yake ni ya kupanda.

Matope meusi mpaka magotini. Majani yanayowasha hata juu ya suruali. Kisha miti mizee yenye ndevu za kijani, kisha mimea mirefu kuliko mimi, imesimama kama mishumaa ya kanisa. Saa nne jua lilichoma kweli! Nilitoka jasho, nikamtazama Benon na mzigo wa koti lake, nikamhurumia. Saa tisa ukungu ukatumeza. Nina fulana mbili ndani ya shati. Si udanganyifu. Shati bado ni shati.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi nyasi zilikuwa zimeganda, zinavunjika chini ya viatu. Juu zaidi hata nyasi hakuna, ni changarawe nyeusi na upepo. Halafu mvua ya mawe. Kilele chote kikawa cheupe.

Vidole vikakataa amri. Nikakaa juu ya jiwe, nikatangaza kwamba nafurahia mandhari. Mandhari gani? Viatu vyangu mwenyewe sikuviona. Kiongozi wa mlima akasema nishushwe mara moja.

Benon alikuwa mbele. Akarudi chini. Akavua koti, akaniwekea mabegani.

"Mzee Léonce, vaa. Hakuna anayekutazama."

Nina miaka hamsini na moja tu! Nikamwambia sisikii baridi.

"Najua. Nisaidie kulibeba, limenichosha."

Nikalivaa. Kiongozi akanikagua vidole, akaturuhusu kuendelea. Yeye akabaki na sweta, midomo ikawa rangi ya majivu. Tukapanda bega kwa bega. Mukasine alikuwa nyuma, mkono wake mgongoni mwangu. Tulipofika juu nilitokwa na machozi. Upepo, niliwaambia. Kwenye picha nikafungua koti ili shati lionekane. Sekunde tatu. Nilidhani ndizo za mwisho.

Jumatatu, 18 Agosti

Homa. Mukasine kaleta chai ya tangawizi. Anasema Benon naye kalala, anakohoa kama pikipiki, na ukapteni ameukataa. Amewaambia wote kwamba shati lilifika kileleni, na mimi nilikuwa ndani yake.

Mtu mzuri. Nimekaa muda mrefu nikimfikiria.

Kisha nikagundua kosa lake. Baridi ile haikuletwa na urefu. Ililetwa na mawingu yaliyosimama kati yetu na jua! Nimetuma ujumbe kwenye kundi: safari ijayo ni Muhabura, mita 4,127. Ni mfupi kuliko Karisimbi, kwa hiyo uko mbali zaidi na jua. Kwa amri ya kapteni, kila mtu abebe koti.

Benon kajibu kwa dole gumba. Anadhani amenishawishi. Maskini.