Docta, Umeniponya Kupita Kiasi

Mabanga, Goma

Kwa Docta Mirindi, muganga wangu wa moyo,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari ya nyumbani, na ya kile kiuno kinachokusumbua? Miye niko muzima, na ndiyo shida yenyewe inayonifanya nikuandikie.

Docta, kabla ya dawa zako, ni kweli miguu ilivimba, pumzi ilikata nikifunga tu kitambaa cha kichwa, na nililala nimekaa kama mulinzi. Lakini nilikuwa mutu! Ona sasa hasara uliyoniletea:

1. Mukamwana wangu Daniella aliniletea kitandani sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na chumvi, na kuniita mama yake muzazi. Juzi amenipa mufuko: "Mama, kwa vile nguvu zimerudi, teremuka soko la Kituku ulete samaki sambaza."

2. Wamama wa shirika la kanisa walisali nyumbani kwangu kila juma, wakilia vizuri. Sasa wamehamia kwa mugonjwa mwingine. Nilipowafuata, wakaniambia nibebe viti.

3. Wifi yangu Louise alitoka Butembo kuja kunisamehe ule ugomvi wetu wa shamba. Padri alikuwa ananipaka mafuta ya wagonjwa, sisi tumekumbatiana, machozi tu. Nilipopona akapiga simu: "Nilisamehe mutu wa kufa. Wewe hukufa!" Shamba analitaka tena.

4. Hii ndiyo inaniuma kabisa. Jamaa walikwisha kushona kitenge cha namna moja, sare ya matanga yangu. Kwa kuwa nguo haitupwi, Jumapili wanakivaa kanisani, safu nzima, wanapendeza. Miye peke yangu sina. Nikamuuliza bwana yangu Paulin. Akajibu bila kuona haya: "Mama Kahambu, wewe hatukukuhesabia."

Kwa hiyo, kwa heshima yote, punguza dawa kidogo. Kufa sitaki. Naomba ugonjwa wa kadiri: niweze kupanda ngazi za kanisa, lakini nishindwe kubeba gunia la makala ya kupikia.

Salimu mama watoto, masista wa wodi na yule muzee wa mulangoni. Mungu akulindie mikono.

Kahambu Généreuse, mugonjwa wako wa zamani

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe kwa miguu, sikupumuzika hata mara moja, na kwenye mupando wa kilima niliimba. Siku hizi ninalala nimenyooka kando ya Paulin, ninamusikia anakoroma, ninamushukuru Mungu. Kile kitenge nimekipata sokoni. Jumapili nitakaa nao safu moja. Docta, usinipunguzie hata kidonge kimoja! Vilivyobaki havimalizi juma. Nijibu upesi, niko hapa nje kwenye benchi.