Ubaya wa Mji wa Masuri

Jumapili, 2 Februari 1975
Balaa. Wakati wa chai baada ya ibada, Peninah, muuguzi wa hospitali ya Edgbaston, alitangaza kwamba hospitali ya misheni ya Masuri, mji wa milimani huko India, inamtaka kazini. Atajibu Ijumaa ya wiki ijayo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika kikombe tu. Tangu nije Birmingham nakaa naye benchi moja kanisani, nikiandaa maneno. Sijaposa bado. Mtu wa heshima hajiposei, hutuma wazee. Nimewatafuta wazee wa kwetu mtaani hapa Balsall Heath. Nimejipata mimi peke yangu.

Jumatatu, 3 Februari
Nimepata njia. Nitamwonyesha ubaya wa mji huo mpaka aukatae mwenyewe. Nilishuka dukani kwa mwenye nyumba wangu, Kewal, nikamwomba aje ukumbi wa kanisa Jumamosi atoe ushahidi juu ya hatari za milima ya kwao. Akaacha kupima dengu.
“Milima ya kwetu? Mwalimu, mimi mtu wa Kisumu. Milima yetu ni ya Nandi. India sijakanyaga.”
Nikamwuliza Mhindi anawezaje kutoijua India. Akaniuliza kama mimi naijua Timbuktu. Swali la utovu wa adabu. Hata hivyo mkewe, Champa, alikulia chini ya milima hiyo hiyo, na ana sanduku zima la slaidi, picha za huko za kuonyesha ukutani. Nimemwajiri papo hapo, bila malipo.

Jumamosi, 8 Februari
Maafa. Ukumbi ulijaa. Champa alionyesha picha. Mimi nilisimama kando na rula ndefu, nikieleza hatari. Picha ya kwanza, maporomoko ya maji. Nikasema mawe yale yanateleza vibaya. Peninah akauliza kama watu huoga pale. Champa akajibu kwamba akina mama huingia na nguo zao, kisha hula mahindi ya kuchoma.
“Mahindi ya kuchoma?” Peninah alisema, akiwa ameinuka nusu kitini.
Nikasogea upesi kwenye picha ya ukungu. Nikasema huingia hadi chumbani na kulowesha matandiko. Akasema ni kama kwao Limuru. Nikataja tumbili wezi. Akasema tumbili waliwahi kumwibia nyanya yake sufuria ya uji, na wote wakacheka. Nikataja kilima ambacho zamani mzinga wa vita ulikuwa ukipigwa juu yake kila adhuhuri ili watu wajue saa. Nilitarajia hofu. Njoroge, dereva wa basi, akauliza kama huko wanaajiri madereva.

Jumanne, 11 Februari
Kewal amejitolea kuwa mshenga wangu. Anasema ana mvi za kutosha. Nimekataa. Ni mdogo kwangu, na hawezi kusema mambo mawili bila kutaja bei ya mchele.
“Basi mwambie mwenyewe. Sema, Peninah, baki. Maneno mawili.”
Nikamweleza kwamba kuna utaratibu.
“Sawa, Mwalimu. Utaratibu utabaki na wewe. Yeye atapanda ndege.”
Nimepanda chumbani kwangu. Nimelala na njaa.

Alhamisi, 13 Februari
Peninah alikuja kwangu mwenyewe, akitoka kazini, sare bado mwilini. Champa alileta chai, akatoka, akafunga mlango. Niliona ndala zake chini ya mlango. Hazikuondoka.
Peninah alisema kesho anajibu barua ya misheni. Alisema amesikia habari za ukungu, tumbili na mawe, na amezifikiria zote.
“Mwalimu, hakuna sababu nyingine ya mimi kubaki? Yoyote?”
Alinitazama. Nilifahamu kwamba wakati umefika. Nikasema ipo. Akaweka kikombe chini taratibu.
Nikamweleza kuhusu ruba. Wakati wa mvua huning'inia kwenye majani, huingia katika soksi, hunyonya damu bila mtu kuhisi. Nilieleza vizuri na kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa koti.
“Asante, Mwalimu. Nitanunua buti.”
Nyuma ya mlango Champa alisema neno la Kipunjabi. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Jumamosi, 22 Februari
Ameondoka. Kewal alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la duka. Nilibeba begi lake hadi mlango wa gari. Akanipa mkono, akasimama kidogo pasipo haja. Nikamwambia afunge vifungo vya koti, kuna baridi.
Sijala. Kesho benchi la kanisani litakuwa refu sana. Mchana kutwa nimejihoji bila huruma ni wapi nilipokosea, na sasa nimepaona. Maporomoko, ukungu, tumbili: nilipoteza muda kwa mambo madogo.
Ningeanza na ruba.