Injini Iliyokataa Kukojoa

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu yangu Novatus. Hujambo? Mgongo umepona? Watoto wanaendeleaje na kelele za Mwanza? Sisi hapa Somanda tu wazima, ila shemeji yako Benedikta hasemi nami tangu jana saa saba. Nimeamua kuandika kila siku kwenye daftari hili, nikimaliza nakutumia lote. Usimsomee mtu.

Habari ni hii. Ushirika umetupunguza makarani, nami nimo. Lakini siku hizi ni ruksa! Mtu anauza anachotaka. Nikawaza: sangara. Nikabadilisha maksai wetu wawili kwa injini ya mtumbwi. Injini, Novatus! Yangu mimi, Paschal wa mizani ya pamba! Ziwa liko mbali na hapa, hilo nalijua.

Mpango umekaa hivi. Kule mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, chini ya kijiji cha Mkula, yuko mama anaitwa Nyamizi. Ana mtumbwi mkubwa usio na injini. Injini yangu itasukuma mtumbwi wake, na maksai wa kaka yake, anayekaa hapa hapa Bariadi, watalima shamba letu. Ila ameweka siku: Jumamosi. Injini isipomridhisha, mtumbwi anampa Maduhu, jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, ambaye naye ameagiza injini. Na mvua imeshaanza kunguruma. Benedikta amesema nikiwakosa maksai hao, nira nitavaa mimi.

Jana baada ya ibada niliifunga injini kwenye gogo uani, waumini waione. Kwaya nzima ilikuja. Nikavuta kamba. Ikanguruma! Kuku wakapanda paa. Bibi mmoja akapiga magoti. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka. Maduhu akauliza mbona haina pipa la maji kama mashine yake. Wivu! Nikamjibu kwamba kitu cha kuishi majini hakina kiu, amewahi kuona samaki anakunywa? Watu walicheka sana. Iliendelea nyimbo mbili nzima, kisha ikatoa harufu ya mpira. Nikadhani ndiyo harufu ya upya.

Jumanne, 9 Novemba

Nimefika mwaloni juu ya lori, nimeikumbatia injini kama mgonjwa. Nyamizi ni mama mfupi mwenye sauti ndefu. Tukaifunga nyuma ya mtumbwi, majini. Ikawaka kwa mvuto mmoja! Nikampa mkono wa pongezi. Hakuupokea. Alikuwa anatazama kitundu kidogo ubavuni mwa injini. Akauliza mkojo uko wapi.

Nikaona haya. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa. Akasema kanisa baadaye. Injini nzima hukojoa: pampu inavuta maji ya ziwa, yanapita ndani kuipoza, yanatokea pale. Hii haikojoi, kwa hiyo inakufa. Akaizima. Akaniambia niweke kiganja juu yake. Nikaweka. Sasa naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Akauliza kama iliwahi kuwashwa nje ya maji. Nikasema sikumbuki. Mungu anisamehe.

Jumatano, 10 Novemba

Tumeifungua. Nyamizi anashika spana kama mwiko. Mguu wa chini ulichomoka mzima kama paja la mbuzi. Juu yake kuna kikombe cha pampu. Na ndani ya kikombe, Novatus, nilichokiona! Kigurudumu cha mpira, ukubwa wa andazi, cha mabawa sita. Wanakiita impela. Basi! Hicho ndicho kinachonyanyua ziwa! Chuma chote kile, ngurumo zote zile, uhai wake unatosha kwenye kiganja. Nikafikiria moyo wa mtu. Nikavua kofia. Nyamizi akasema nivae kofia nimpe bisibisi.

Mabawa yalibaki matatu, meusi, yameungua. Nikataka tufunge, tungoje mpya. Akanikemea: Msukuma gani wewe, unafunga zizi na ndama watatu wako nje? Vipande vilivyokatika vimepanda kwenye bomba, visipotoka vitaliziba. Tukavitafuta mpaka saa kumi. Viwili tulivivuta kwa waya, cha tatu akakipuliza kwa mdomo kikaruka hadi kwenye nyavu. Akavihesabu mara mbili. Ndama wametimia.

Nimeichora impela hapa pembeni. Yenyewe mbovu nimempa kondakta wa basi akuletee, pamoja na maneno ya mdomo kwamba naomba mpya kutoka maduka ya huko Mwanza, tafadhali sana.

Alhamisi, 11 Novemba

Basi limepita, hamna kitu. Maduhu ndiye aliyeshuka! Eti amekuja kusalimia. Amemletea Nyamizi unga, na mimi ananiita samaki asiyekunywa.

Nikapata akili. Katambuga zangu si mpira wa tairi? Nilikata ya kushoto kwa kisu, nikifuata mchoro wangu. Kila bawa fungu moja la rozari. Mafungu ni matano, la sita nikasali Salamu Malkia. Ikatoka nzuri! Nikaifunga Nyamizi akiwa kwenye nyavu. Nikavuta kamba. Kamba ikagoma. Nikavuta kwa nguvu, bega likabaki nyuma. Kumbe tairi ni gumu, mabawa hayakunjiki, pampu imekaba kama koo lenye mwiba.

Nyamizi akaja. Akaitazama injini. Akaitazama miguu yangu, mmoja peku. Akamwita Maduhu aje aone injini iliyovaa kiatu. Maduhu alicheka mpaka akakaa juu ya dagaa wa watu.

Jumamosi, 13 Novemba

Mungu akubariki, Novatus! Bahasha yako ilifika jana. Impela nyeusi, laini! Na barua yako nainakili hapa nisisahau: “Usiiwashe bila maji hata dakika moja. Maji inayoyavuta ndiyo yanayoitelezesha. Ikikauka inaungua.” Nimepiga mstari mara mbili.

Nyamizi aliipaka sabuni, akaisukuma chini huku anazungusha, mabawa yakalala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nilikuwa nimeshikilia boliti kwa meno zisipotee mchangani, kwa hiyo sikuweza kusifu.

Leo asubuhi mwalo mzima ulisimama. Maduhu mbele kabisa. Nikavuta. Ikawaka. Kitundu kikavu. Nikahesabu mpaka saba, nikaiona nira shingoni. Halafu kikakohoa. Kikatema. Kisha uzi wa maji, mwembamba, umenyooka, unang'aa! Musa na mwamba, Novatus! Nikauwekea mkono: vuguvugu, kama maziwa yakitoka kwenye kiwele. Ziwa lilikuwa limepita ndani ya injini yangu. Nikapiga ishara ya msalaba. Hata Maduhu alivua kofia, akakiri kwamba kwa kweli inakojoa vizuri.

Nyamizi akaandika karatasi kwa kaka yake: maksai waende. Kazi ya sangara inaanza Jumanne. Akataka injini ibaki mwaloni. Nikamwomba siku mbili tu. Nilimwahidi Mungu shukrani.

Jumatatu, 15 Novemba

Jana baada ya ibada niliifunga kwenye gogo. Ningewanyimaje waumini muujiza ule? Tena hapa Somanda wameshaambiwa habari za kiatu.

Usikasirike. Barua yako niliisoma kwanza. Ulisema maji, na maji yalikuwepo! Katekista Thomasi aliinyunyizia ya baraka, mbele na nyuma, kikombe kizima. Tuliiwasha kwa wimbo mmoja tu. Beti nne. Kiitikio kilirudiwa, maana tulikuwa tunangoja ikojoe. Maduhu alikuja mbio na ndoo, nikamzuia, nikijua amekuja kunifedhehesha. Ile harufu nimeikumbuka mara moja.

Maksai walifika jana jioni. Benedikta ameanza kusema nami, hiyo ni neema. Analima tangu alfajiri, hajala. Nilimwita apumzike. Akajibu kwamba habari husafiri kwa lori, naye anataka kumaliza shamba kabla hazijafika kwa Nyamizi.

Kosa nimeliona: wimbo ulikuwa mrefu. Jumapili ijayo nachagua mfupi.

Tuma impela mbili. Nakuomba unijibu upesi, ndugu yangu. Basi linapita kesho saa nne.